Mbwa Mkali Naye Achanjwe: Kuchagua na Kutumia Kifunga Mdomo

Ninayezungumza nanyi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Eldoret. Tumekwisha kuzungumza mengi juu ya chanjo za watoto, maji safi na lishe bora. Leo huenda ukashangaa, kwa maana nataka tuzungumze juu ya mbwa wa nyumbani kwako. Nina maana yule mkali. Yule ambaye mgeni akibisha hodi langoni, nyote mnapaza sauti: "Ngoja kwanza afungwe!"

Mama mpendwa, kabla hujasema kwamba hayo ni ya daktari wa mifugo na wala si ya muuguzi, nisikilize kidogo.

Siku moja, wakati wa likizo ya Agosti, mama mmoja alikuja kliniki akiwa amembeba kijana wake wa miaka sita. Mtoto alikuwa ameumwa paja na mbwa wao wenyewe wa nyumbani. Alikuwa amemkaribia mbwa akiwa anakula. Nilipokuwa nikiosha kidonda nilimuuliza mama kama mbwa huyo amechanjwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sista, tuna mbwa watatu. Walipokuja kuchanja karibu na kwa chifu, tulipeleka wawili wapole. Huyu mkali tulimwacha. Nani angemshika?"

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Nani angemshika? Mbwa wapole, ambao hawangemuuma mtu, walichanjwa. Yule mkali, ambaye kila mtu alijua kwamba siku moja atauma, ndiye aliyebaki nyumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza akina mama wengine, na jibu ni lile lile katika nyumba nyingi. Mbwa anayehitaji chanjo kuliko wote ndiye anayekosa.

Ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya kifunga mdomo. Ni kifaa kidogo anachovishwa mbwa mdomoni ili asiweze kuuma. Kikichaguliwa vizuri na mbwa akazoezwa, hakimwumizi. Kwa msaada wake hata mbwa mkali anaweza kufikishwa kwenye sindano, na watoto wako wakapata usalama.

KWA NINI HILI NI JAMBO LA AFYA

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa umekuwa nchini mwetu kwa muda mrefu. Ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa, karibu na Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu, 99 kati ya 100, huupata kwa mbwa. Pia linasema kwamba kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, na bado hajui kusoma hasira ya mnyama.

Jambo la kuogofya ni hili: dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini jambo la kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu unazuilika kabisa. Tunauzuia kwa kumchanja mbwa kabla hajauma, na kwa kumchanja mtu mara tu baada ya kuumwa.

Chanjo ya binadamu nayo ilianza na mama na mtoto wake. Mwaka 1885, mvulana wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliumwa vibaya na mbwa aliyeaminika kuwa na kichaa. Mama yake alisafiri naye hadi Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur, na tarehe 6 Julai akaanza kudungwa chanjo iliyokuwa bado mpya kabisa. Mtoto alipona, akaishi mpaka 1940. Mama yule hakungoja kuona kama dalili zitatokea. Nawe usingoje.

MBWA MKALI MARA NYINGI NI MBWA MWENYE HOFU

Akina mama, wengi wetu hapa Eldoret tunafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, iwe ni Langas, Huruma, Kapsoya au huko mashambani Moiben na Kesses. Tunapenda awe mkali. Lakini mtazame vizuri. Mbwa anayebweka na kuruka kila akiona mtu au mbwa mwingine, mara nyingi anaogopa. Pengine amefungwa mnyororo mchana kutwa. Pengine watoto humtupia mawe wakipita. Pengine ana kidonda au maumivu usiyoyajua, au ana watoto wachanga anaowalinda.

Kabla ya kuuma, mbwa huonya. Mwili wake hukakamaa. Mkia huingia katikati ya miguu au husimama wima. Hulamba midomo ingawa hakuna chakula, hugeuza uso, na weupe wa macho huonekana. Kisha hunguruma. Usimpige mbwa kwa sababu ya kunguruma. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kuonya.

Kifunga mdomo hakiondoi hofu hiyo, wala si adhabu. Kazi yake ni kuzuia meno kwa muda mfupi, wakati wa chanjo, wakati wa kutibiwa, au wakati anapopitishwa penye watu.

KUNA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni kifunga mdomo cha kikapu. Kimetengenezwa kwa waya, plastiki au mikanda ya ngozi, na kina matundu. Mbwa akikivaa anaweza kufungua mdomo ndani yake, kuhema huku ulimi uko nje, kunywa maji na hata kupokea kipande kidogo cha chakula. Hii ndiyo aina nzuri.

Aina ya pili ni cha kitambaa au nailoni kinachobana mdomo ukae umefungwa. Hiki ni cha dakika chache tu. Sababu yake ni hii. Sisi binadamu tukisikia joto tunatoa jasho mwili mzima. Mbwa hana jasho la namna hiyo. Hupoza mwili wake kwa kuhema na kutoa ulimi nje. Ukimfunga mdomo kabisa, umemzuia kujipoza. Mji wetu una baridi asubuhi, lakini jua la saa sita mchana unalijua. Mbwa aliyefungwa mdomo, mwenye hofu, anayevutwa juani, anaweza kuzidiwa na joto mpaka akafa.

Uliza cha kikapu katika maduka ya dawa za mifugo mjini au kwa daktari wa mifugo. Kama hawana, fundi viatu hodari anaweza kukushonea cha mikanda ya ngozi ukimpelekea vipimo. Mwambie aache nafasi za kutosha za hewa, na asiache misumari au ncha ngumu upande wa ndani.

JINSI YA KUPIMA

Apime mtu mzima ambaye mbwa amemzoea, hasa yule anayempa chakula. Mtoto asifanye kazi hii. Tumia utepe wa fundi wa nguo, au kipande cha uzi kisha uzi huo uuweke kwenye rula. Kama mbwa hakubali kuguswa usoni, usilazimishe. Anza kwanza kumzoeza kuguswa kwa kumpa chakula, au mwombe afisa wa mifugo akusaidie.

Pima mambo mawili. Kwanza, urefu wa pua, kutoka ncha ya pua hadi kidogo chini ya macho. Pili, mzunguko wa mdomo sehemu iliyo nene. Mzunguko huo upimwe mbwa akiwa amefungua mdomo kidogo kama anayehema, kwa maana ukipima mdomo uliofungwa, kifaa kitambana.

Akishavaa, angalia haya:

Kati ya ncha ya pua na mwisho wa kikapu pabaki nafasi ya kama upana wa kidole.
Mbwa aweze kufungua mdomo na kuhema.
Ukingo wa juu usiguse macho.
Chini ya mkanda wa shingoni kidole chako kimoja kipite. Kisipopita, umekaza mno. Vikipita vitatu, atakivua kwa mguu.
Baada ya kumvua, chunguza ngozi ya juu ya pua. Ukiona wekundu au manyoya yamekwaruzwa, hakimfai.

KUMZOEZA: USINGOJE SIKU YA CHANJO

Kosa kubwa tunalofanya ni kumvisha mbwa kifaa hiki kwa mara ya kwanza siku ile ile ya chanjo, watu watatu wakiwa wamemkalia. Mwaka unaofuata akikiona tu, anauma. Anza wiki mbili au tatu mapema, dakika tano kwa siku, kabla hajala.

Siku za kwanza, weka kifaa chini na kando yake weka kitu anachokipenda: kipande cha matumbo, omena, au ugali uliochovya kwenye mchuzi. Ale, ondoka. Ajue kwamba kifaa kile huja na chakula.

Baadaye shika kifaa kama kikombe, weka chakula ndani, mwache aingize pua mwenyewe. Usimsukumie usoni. Akitoa pua, sawa, mwache. Rudia.

Akishazoea kuingiza pua bila wasiwasi, mpe chakula kidogo kidogo kupitia matundu ili akae humo kwa muda. Ndipo uguse mikanda nyuma ya masikio bila kuifunga. Siku nyingine ifunge, mpe chakula, ifungue mara moja. Ongeza muda polepole: sekunde chache, dakika moja, dakika tano. Kisha tembea naye uani.

Akianza kukwangua kwa miguu au kujisugua chini, umeenda haraka. Rudi hatua moja nyuma. Hata sisi tunapomzoeza mtoto uji hatumjazi bakuli zima siku ya kwanza.

SIKU YENYEWE YA CHANJO

Mvishe nyumbani kabla ya kutoka, si pale penye kelele za mbwa wengine. Mfunge kamba imara shingoni, kwa maana kifunga mdomo hakimzuii kukimbia. Apelekwe na mtu mzima mwenye nguvu. Watoto wabaki nyumbani. Simama mbali kidogo na foleni, kivulini, na mwambie mchanjaji mapema: "Huyu wangu ni mkali." Atakushukuru kwa kumwambia ukweli. Baada ya sindano, omba cheti na ukiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Chanjo ya mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.

Na kama kweli hawezi kutoka nyumbani, usinyamaze kama yule mama. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti au kwa daktari wa mifugo aliye karibu, uulize kama wanaweza kuja kwako.

IKIWA HUNA KIFAA

Dharura hutokea. Mbwa amegongwa na bodaboda, anahitaji kubebwa, na kwa maumivu anaweza kumuuma hata anayempenda. Mtu mzima anaweza kutumia kitambaa laini, kama kipande kirefu cha leso kuukuu au bendeji, kama mita moja hivi. Fanya kitanzi, kipitishe juu ya pua ukiwa umesimama ubavuni mwake na si mbele ya uso. Kaza kiasi, vuka ncha chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka, kama la kamba ya viatu. Fungua baada ya dakika chache tu.

Usimfunge hivyo mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au mwenye pua fupi iliyobonyea. Usitumie waya, kamba ya katani wala mpira wa tyubu. Hivyo hukata nyama.

Nasisitiza jambo moja. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi, ambaye sauti yake imebadilika, anayeyumba, au anayeuma vitu bila sababu, USIMGUSE na usijaribu kumfunga mdomo. Wala usiingize mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Ingiza watoto ndani, funga mlango, uite ofisi ya mifugo na chifu.

MTOTO AKIUMWA

Osha kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Sabuni ya kufulia inatosha. Usipake mafuta ya taa, pilipili, udongo wala dawa ya majani. Kisha nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wa kwenu, hata kama amechanjwa. Wakikwambia hawana chanjo, uliza wapi inapatikana na uende leo leo. Usirudi nyumbani kungoja.

Chanjo hutolewa kwa zaidi ya siku moja. Ratiba moja inayotumika sana ni siku ya kwanza, ambayo huitwa siku 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Fuata tarehe ulizoandikiwa kwenye kadi yako. Kidonda kikubwa huenda kikahitaji dawa nyingine ya kudungwa kwenye kidonda chenyewe. Mbwa asiuawe ovyo. Kama yuko, afungiwe mahali salama na achunguzwe na mtu wa mifugo kwa siku 10.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA SANA

Mama mmoja aliniuliza: "Je, nimwache mbwa na kifunga mdomo usiku kucha ili asiume watu?" Hapana. Hawezi kula vizuri, hawezi kujitetea, na kinaweza kunasa kwenye ua akajinyonga. Mbwa mwenye kifaa hiki awe na mtu karibu wakati wote. Usiku, lango lifungwe na ua uwe imara.

Mwingine aliuliza: "Akikivaa, watoto wanaweza kucheza naye?" Hapana, mama. Mbwa aliyefungwa mdomo bado anaweza kumwangusha mtoto, kumkwaruza kwa kucha, na kumwogofya. Wafundishe watoto wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto. Akiwajia, wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame tuli kama mti, mikono chini, macho chini. Wakiangushwa, wajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio.

Bibi mmoja naye aliniambia: "Mjukuu wangu, mbwa akizoea watu hawezi kulinda." Nilimjibu kwa heshima kwamba mbwa aliyezoea kifaa na mikono ya mwenyewe bado atabweka usiku. Tofauti ni kwamba atakuwa amechanjwa.

KUMBUKA

Mbwa mkali ndiye wa kwanza kuchanjwa.
Chagua kifunga mdomo cha kikapu, mbwa aweze kuhema na kunywa.
Mzoeze kwa chakula, wiki mbili au tatu kabla.
Usimwache peke yake akiwa amekivaa, na usimwache nacho juani.
Mtoto akiumwa: maji, sabuni, dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Pengine unauliza, yule kijana wa paja aliendeleaje? Alipewa chanjo zake kwa tarehe alizopangiwa. Mbwa alifungiwa, akachunguzwa siku 10, hakuonyesha dalili yoyote. Kwa siku zote hizo mama yake hakupata usingizi. Aliniambia kwamba kila mtoto alipokohoa usiku, aliwasha taa amtazame. Walipokuja kuchanja tena, nilimwona kwenye foleni, ameshika kamba, mbwa wake amevaa kifunga mdomo cha mikanda ya ngozi alichoshonewa na fundi viatu. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni, kando kabisa, chini ya mti. Mbwa alinguruma kidogo. Sindano ikaingia, ikatoka. Mama akaniita kwa mbali: "Sista, leo ameshikika!"

Mama mwenzangu, nawe leo jioni mtazame yule wako mkali. Ukikumbuka kwamba chanjo ya mwisho alipelekwa mwenzake na si yeye, basi unajua pa kuanzia. Kwa leo tukomee hapo. Nawatakia afya njema nyote nyumbani, na tukutane tena katika mazungumzo yajayo.